Kontakta ya Kiberiti

Kaka yangu anaitwa Kiberiti, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Alipewa na mafundi wenzake siku alipomrushia mteja funguo za gari lake kifuani, kosa la mteja likiwa ni kuuliza kama kazi itaisha leo. Kesho yake mteja alirudi na gari lile lile na akaomba radhi yeye, maana mtaa mzima hauna fundi mwingine wa umeme wa magari anayemfikia. Kiberiti analijua hilo, na tangu alipolijua hajaona sababu ya kuwa na adabu. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja. Nilimjua kabla hajaitwa Kiberiti, na alikuwa hivyo hivyo.

Watu wakisema ana mikono ya dhahabu mimi huwa nainamia cherehani yangu. Hawajala naye meza moja. Akila analalamika, na akinyamaza ujue anatafuta la kulalamikia. Gereji yake ni chumba kimoja cha matofali yasiyo na lipu, mlango wa bati, nyaya zimetundikwa ukutani kwa rangi, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, na ole wake atakayezichanganya. Mezani kuna betri ya lori ambayo haiondoki pale. Hiyo ndiyo hakimu wake. Kifaa chochote kinacholetwa, kiwe honi, kiwe rilei, kiwe kitu gani, anakigusisha nyaya mbili kutoka kwenye betri ile na kutega sikio. Kikilia ta, ni kizima, kinaingia ndoo ya kulia. Kisipolia kinakwenda ndoo ya kushoto pamoja na tusi lake. Hapimi kingine. Kwenye magari imemtosha maisha yake yote.

Mume wangu ni seremala, wa milango na makabati. Mbele za watu ni mpole sana, mpaka wanawake wenzangu hunionea wivu. Waje wakae naye ndani. Mtu huyu akishaamua jambo umempoteza. Atakusikiliza hadi mwisho, atatikisa kichwa kukubali, kisha atafanya lile lile alilokuwa akilifanya. Kiberiti anafoka na mume wangu anatabasamu, na mpaka leo sijajua lipi linaniudhi zaidi.

Walikosana kwa ajili ya msumeno. Mume wangu alinunua msumeno wa mota kubwa wa kupasulia mbao, na Kiberiti akajitolea kuufunga umeme. Umeme wa viwandani si umeme wa magari, na watu walimwambia, ila hakuna aliyethubutu kumwambia mara ya pili. Akafunga, akauwasha mbele ya wateja, na msumeno ukazunguka kinyume, ukachukua ubao na kuurusha dirishani. Hakuna aliyeumia. Mume wangu akacheka. Anaapa kwamba hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu. Kiberiti alikusanya spana zake moja moja, akaondoka, na tangu hapo hakumsemesha tena. Mume wangu naye akasema kama ni hivyo na iwe hivyo.

Wangekaa mbalimbali ningeshukuru. Lakini Kiberiti aliendelea kuja kwangu kila Jumapili kula, kwa sababu mimi ni mdogo wake na chakula changu hakina kosa. Wanakaa meza moja, bakuli katikati, na mmoja akitaka chumvi iliyo mbele ya mwenzake ananiita mimi niliye jikoni. Mwambie mumeo asogeze chumvi. Mwambie kaka yako chumvi hii hapa. Magoti yao yanagusana chini ya meza. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikazoea, na nilichukia zaidi kule kuzoea kuliko chumvi yenyewe. Kwa miaka nimekuwa waya kati ya watu wawili wazima, na waya hauulizwi kitu.

Ndege ilianza kama ugonjwa unavyoanza, kidogo kidogo. Mume wangu alipata michoro ya ndege ndogo ya mbao, ya viti viwili, ambayo mtu anaweza kuijenga mwenyewe. Akaitandaza sakafuni sebuleni na kutukataza kuikanyaga. Kisha mbavu za mbao zikajaa kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba, na milango ya wateja ikachelewa. Jioni alikuwa anakwenda kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji, zinakotua ndege za kunyunyizia dawa mashambani, akajifunza kurusha mpaka akapewa cheti. Majirani wakaanza kumwita Rubani, na kila nikipita dukani wananiuliza kama nauli imepanda.

Hakuna aliyenikalisha chini akaniuliza kama nataka mume wangu apae. Nilipewa kitambaa cha kuvika mabawa nikaambiwa nikishone, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani. Nikakishona, nikakikaza kwa pasi mpaka kikawambika kama ngoma, na kila mshono niliupiga nikiwa nimenuna. Kama ni lazima apae, nilijiambia, basi asipae kwa mishono ya mtu mwingine.

Injini ilitoka kwenye gari, na hapo ndipo Kiberiti alipoingia. Injini ya gari haiendi bila umeme. Plagi zinataka umeme, pampu ya mafuta inataka umeme, na umeme ukikatika injini inazima papo hapo. Barabarani unasogea pembeni. Juu hakuna pembeni. Mume wangu alikuwa ameanza kufunga nyaya mwenyewe, na Jumapili moja Kiberiti alimaliza kula, akainuka, akampita kama anavyopita kiti, akaenda karakana na kuingiza kichwa chini ya dashibodi. Alikaa humo hadi chai ikapoa. Alipotoka akaniambia nimwambie mume wangu kwamba nyaya zile amezifunga mlevi, na zing'olewe zote. Jumatatu jioni akaja na sanduku lake la vifaa bila kualikwa.

Alifanya kazi nzuri. Nasema hivyo kwa uchungu. Kila waya aliukata kwa kipimo, akaubana kichwa, akaulaza na wenzake na kuwafunga pamoja kwa uzi wangu mnene wa kushonea jinzi, ambao hakuuomba. Walikuwa karakana moja, ndege moja, huyu mkiani na yule mbele, na mimi naitwa kutoka kwenye cherehani nije nipeleke neno ambalo mwenzake ameshalisikia. Walivumiliana hivyo mpaka wakafika kwenye kontakta ya betri.

Nitaieleza nilivyoielewa, maana niliisikia mara nyingi kutoka pande zote mbili. Kontakta ni swichi kubwa yenye umbo la kopo dogo, na inakaa karibu na betri. Ndani mna koili, waya uliozungushwa mara nyingi. Ukigusa swichi ndogo kwenye dashibodi, koili inavuta chuma, na chuma kinaunganisha betri na ndege nzima. Ukizima, chuma kinaachia, na ndege inabaki haina umeme hata wa kuwashia taa. Faida yake ni kwamba ukianguka unaweza kuikata betri ukiwa umekaa kitini, kabla cheche haijakutana na mafuta. Mume wangu alianza kwa kutaka swichi ya kuzungusha kwa mkono, zile zinazofungwa kwenye malori. Kiberiti akaniambia nimuulize mume wangu, akiwa amebanwa na dashibodi kifuani, ataifikia vipi swichi iliyo nyuma ya kiti. Mume wangu akafikiri, akakubali kontakta. Huo ndio ukawa mwisho wa kukubaliana.

Kontakta zipo aina mbili, na kwa nje zinafanana kopo na nati. Moja ni ya stata. Kazi yake ni kuamsha injini, inashika kidogo tu halafu inapumzika. Nyingine imetengenezwa ishike muda wote. Ile ya stata ukiilazimisha kushika muda wote koili yake inachemka, na siku isiyojulikana inaungua na kuachia. Michoro ilitaka ya kushika muda wote. Kiberiti akatoa ya stata kwenye ndoo yake ya kulia, akaigusisha betri, ikalia ta, akasema kazi imekwisha.

Mume wangu akasema nimwambie kaka yangu hiyo ni ya stata. Kiberiti akasema nimwambie mume wangu kontakta ni kontakta, na kwamba yeye ameanza kuzifunga wakati mume wangu bado anapigilia vigoda. Mume wangu akasema kulia ta si kushika. Kiberiti akasema kama anajua sana ajifungie. Mambo hayo yaliendelea hadi vitambaa vyangu vya wateja vikaanza kunuka grisi kwa jinsi nilivyokuwa naingia na kutoka karakana. Nilimwona kaka yangu kuwa ni mjinga. Nilimwambia hivyo mbele ya mume wangu, na mume wangu akatabasamu.

Mwishowe mume wangu alikwenda mjini mwenyewe akanunua ya kushika muda wote, mpya, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Hakumpelekea shemeji yake, asingeweza. Akanipa mimi. Nikaufunga mfuko ule kwa uzi mwekundu, nikautia kikapuni pamoja na nguo za wateja, nikaupeleka gereji. Kiberiti akaupokea bila kuufungua, akasema nimwambie mume wangu ameshinda. Kesho yake kopo jeusi lilikuwa limekazwa kando ya betri ya ndege, limetulia, na kadude kadogo kanakoitwa dayodi, ka kumeza cheche, kamefungwa vizuri kabisa.

Ilinipasa kushtuka hapo. Kaka yangu hajawahi kushindwa ugomvi kimya kimya.

Badala yake nilishukuru. Wakaanza kuiwasha injini uani, mkia umefungwa kamba kwenye nguzo ya uzio, vumbi linaingia kwenye nguo nilizofua. Na Kiberiti, ambaye siku zote ana haraka ya kuondoka, akawa haondoki. Anasimama kando ya betri mikono mfukoni, macho kwenye lile kopo. Injini ikizimwa ananiambia nimwambie mume wangu haitoshi, aiache iende zaidi. Kesho yake zaidi. Siku ya pili yake zaidi tena. Mume wangu akafurahi mno. Kaka yako ameanza kuipenda ndege, aliniambia, huku akinawa mikono. Siku moja nililigusa kopo nikatoa kidole mbio. Mume wangu akasema zote hupata moto, imeandikwa, wala nisihangaike. Nilipomtazama Kiberiti nilimwona ana uso wa mtu anayesubiri basi ambalo halitaki kuja.

Mkaguzi akaja, akagonga hapa na pale, akaona kopo, akaona nati, akatia sahihi. Ndege ikabebwa kwa tela hadi kile kiwanja cha vumbi, ikaunganishwa mabawa. Ikabaki siku moja tu ya kungoja.

Siku hiyo jioni nilikwenda gereji kudai uzi wangu. Kiberiti alikuwa chini ya lori la mtu, akaniambia upo kwenye droo. Nikavuta droo. Uzi ulikuwemo, na chini yake ulikuwemo ule mfuko wa plastiki, fundo langu jekundu juu yake, halijafunguliwa.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika droo. Halafu nikamwambia atoke chini ya lori, na kwa jinsi nilivyosema alitoka.

"Ile iliyo kwenye ndege ni ipi?" nikamuuliza.

"Ya stata."

"Kumbe unajua tofauti."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nimekula umeme tangu utoto wangu, nisijue tofauti? Mtoto wa gereji anajua."

"Sasa kwa nini?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akasema alitaka iungue chini. Iungue uani, mbele ya kila mtu, injini izime, mume wangu aone jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuizima, aogope, aache. Ndiyo maana alikuwa anataka iende zaidi. Kila siku alijua leo, na kila siku ikashika. "Niliichagua ya lori," alisema, na alikasirika kweli, alikuwa amekasirikia kopo. "Ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani."

Nikamuuliza, je, ikiungua ndege ikiwa juu?

"Mimi ndiye nitakayeletewa habari," akasema. "Watanipigia mimi, si wewe. Mimi ndiye nitakayekuja kubisha hodi kwako. Sitaki kazi hiyo. Sitaki kuja kukwambia neno kama hilo, unanisikia? Nikuambieje?"

Ningeweza kulia, na sikulia, kwa sababu hasira ilifika kwanza. Mtu huyu amenibebesha maneno yake yote, ya chumvi, ya nati, ya matusi, miaka nenda miaka rudi. Neno moja tu analoogopa kulibeba kuja kwangu, na ili asilibebe ameninyemelea mume wangu na kumwekea kifo kando ya betri. Nikamuuliza alikuwa aseme lini. Kesho ni kesho. Alikuwa aseme lini?

Alitazama ile betri yake ya mezani. Nimemjua maisha yangu yote na sikuweza kusoma usoni pake kama angesema.

Kisha akasema, "Mwambie mumeo asirushe."

"Hili sibebi," nikamwambia. "Ukamwambie mwenyewe."

Akaniita. Sikugeuka. Hata uzi niliuacha.

Nyumbani mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake la kesho, yeye ambaye hajawahi kupiga pasi hata leso. Alikuwa na furaha ya kitoto, anazungumza huku anacheka, na nilimwangalia nikifikiri, neno moja tu. Sikulisema. Najua watu wanavyonisema kwa jambo hilo, na waendelee. Nilikuwa nimeshaamua pa kusimama. Kama Kiberiti hafungui mdomo, mimi nitasimama mbele ya ndege ile na watanitoa pale kwa trekta. Hakuna namna ambayo mume wangu angepaa. Lakini nilitaka, mara moja tu katika maisha yangu, mmoja wao amwambie mwenzake jambo bila kupitia kwangu. Sikulala vizuri, na nikaamka na hasira ile ile niliyolala nayo.

Asubuhi majirani walikuwa wamekuja kiwanjani na watoto wao na viti vyao. Mume wangu alikaguakagua ndege, akaingia, akajifunga mikanda. Kiberiti hakuwepo. Nilikuwa tayari nimevua viatu niweze kukimbia, mara nikaona pikipiki yake inakuja na vumbi lake. Aliiegesha, akaja akasimama kando yangu. Hakuwa amenyoa. Injini ikawaka.

"Mwambie mumeo aache kwanza," akasema.

Nikatazama mbele.

"Unanisikia? Kamwambie aache."

Nikaendelea kutazama mbele. Injini ilikuwa inapasha moto, majani yanalala kwa upepo wake. Nilimsikia kaka yangu akihema puani, na nikasikia ananiita jina langu la utotoni, ambalo hajaniita tangu mama yetu afe. Sikumtazama. Kama angeniona usoni angejua nakaribia kukimbia mimi, na asingekwenda.

Akaenda. Alitembea kwa kupitia nyuma ya bawa, mbali na propela, kama fundi anayejua kinachokata. Akapanda pale pa kukanyagia, akafungua mlango, akapitisha mkono mbele ya kifua cha mume wangu, akazima swichi ya kontakta. Injini ikafa. Majirani wakainuka vitini, na watoto wao pia. Nikasogea hadi kwenye ncha ya bawa.

"Nimekufungia ya stata," Kiberiti akasema. "Yako ninayo mfukoni."

Mume wangu alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutabasamu.

"Kwa kukosea?"

"Kwa makusudi."

Mume wangu alifungua mikanda polepole, akashuka, akasimama mbele ya kaka yangu mpaka nikadhani atampiga. Ningeelewa. Nafikiri hata Kiberiti alikuwa anangoja kofi, mikono yake ilikuwa chini. Lakini mume wangu alikuwa ananitazama mimi juu ya bega la kaka yangu, na miguu yangu isiyo na viatu.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Jana jioni."

"Ukalala kitanda kimoja na mimi."

Nikamwambia kwamba ningesimama mbele ya ndege. Nikamwambia kila kitu, kwamba asingesogea hata kidogo, kwamba nilitaka tu kaka yangu aseme kwa mdomo wake. Nilisema kweli tupu, na nilivyokuwa naisema niliona haimfikii. Alisikiliza hadi mwisho. Akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akamgeukia Kiberiti, na hapo ndipo majirani walipopata walichofuata. Mume wangu mpole alifoka mpaka sauti ikapasuka. Alimwita muuaji. Kiberiti akamwita mwendawazimu anayetaka kumwacha mkewe mjane kwa ajili ya mbao. Wakarudi nyuma hadi kwenye msumeno, mmoja anasema ulinicheka, mwingine anasema ulinivunjia dirisha, miaka yote ile ikamwagika pale juu ya vumbi. Walipochoka, Kiberiti akatoa mfuko mfukoni, akalikata fundo langu kwa kisu, na mume wangu akasema lete spana uone. Wakaingia chini ya kiti wote wawili, vichwa vinagongana, wanatukanana kwa kila nati. Sikuombwa hata kushika tochi. Nilivaa viatu vyangu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa wanazungumza. Hawanyamazi. Kila jioni wako pamoja, mara karakana, mara gereji, wanabishana kuhusu nyaya na mafuta, na sauti zao nazisikia nikiwa kwenye cherehani. Kiberiti anafunga kwa ukali, mume wangu anapima nyuma yake kila kitu, hata taa, na Kiberiti anakubali apimwe, jambo ambalo singeamini kama ningesimuliwa. Hawabishani juu ya kitu kimoja tu, kosa langu. Kaka yangu anasema nilimwaibisha mbele ya watu kwa neno ambalo ningelimaliza kwa sentensi moja. Mume wangu hasemi kitu. Anakula, anashukuru kwa adabu, analala akiangalia ukuta. Mmoja alitega kifo na amesamehewa. Mimi niliyekataa kubeba neno bado naangaliwa kama mgeni katika nyumba niliyoipaka rangi mwenyewe. Inaniuma, na sioni aibu kusema inaniuma, na ingekuwa leo ningekataa tena.

Siku ya kuruka hawakuniambia. Nilikuwa nabadilisha zipu ya suruali ya mteja, mwenyewe amekaa kwenye benchi ananisubiri, nikasikia injini ile juu ya paa. Naijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nikatoka uani na suruali mkononi. Ilikuwa juu kweli, ndogo, mabawa meupe, nami sikuitazama sana, nilikuwa nasikiliza. Mlio ndio nilioutaka. Upepo ukiupunguza, namlaani mmoja wao, ukirudi namlaani wa pili, na nilikuwa nawaombea wote wawili kwa pumzi hiyo hiyo. Haukukatika. Ikageuka, ikaelekea kiwanjani, ikashuka nyuma ya mapaa, mlio ukapungua hadi ukaisha, na kutoka uani kwangu huwezi kujua kama umeisha kwa kutua au kwa jambo jingine.

Nikasimama pale. Hakuna aliyekuja mbio, hakuna simu iliyolia. Mwenye suruali alikuwa amenifuata hadi mlangoni, akaniuliza kama mume wangu ametua salama.

Nikamwambia mimi siambiwi.